Kumzuia Paka Asiparure Makochi ya Ngozi: Anza na Paka, Malizia na Kochi

Kazi yangu ni kukarabati makochi ya ngozi, na mengi kati ya yale yanayoletwa kwangu yakiwa na pembe zilizochanika hutoka katika nyumba zenye paka. Miaka ya mwanzo nilifanya nilicholipwa kukifanya: nilibandika kiraka, nikajaza, nikapaka rangi, kisha nikakabidhi kochi likiwa limerudi katika hali yake. Baada ya miezi michache lilirejea na majeraha yale yale mahali pale pale. Siku hizi sipokei kochi la namna hiyo kabla mwenyewe hajafuata utaratibu ninaoueleza hapa chini, kwa sababu ukarabati unaotangulia mabadiliko ya mazoea ya paka ni fedha iliyotupwa.

Hatua ya 1: Isome miparuro kwanza

Kabla ya kununua chochote, piga magoti kando ya kochi na umulike ngozi kwa tochi iliyolazwa ubavu, ili kila mkwaruzo utoe kivuli chake. Utaona alama za aina tatu, na kila moja ina tiba yake.

Mistari mingi ya wima iliyo sambamba, iliyojikusanya kwenye pembe ya mkono wa kochi au mgongoni kwake, ikiwa na nyuzi za ngozi zilizonyanyuka kama manyoya, ndiyo miparuro halisi: paka alisimama pale kwa makusudi akavuta kucha. Mistari mirefu iliyotawanyika mmoja mmoja juu ya kiti, inayoanza kwa nukta nzito na kuishia kwa uzi mwembamba, imeachwa na kucha za miguu ya nyuma za paka aliyekuwa akijirusha kwenda dirishani au juu ya kabati. Vitobo vidogo vilivyoshikana katika eneo la mviringo ni kazi ya paka anayekanda mahali kabla ya kulala, kama anavyokanda mtoto wa paka tumboni kwa mama yake anaponyonya.

Aina mbili za mwisho haziponyeshwi na nguzo ya kunolea kucha, hata ukiweka kumi. Tandika blanketi zito mahali anapolala, punguza ncha za kucha, na umpatie njia nyingine ya kufika dirishani, kwa mfano rafu au kigoda imara. Hatua zinazofuata zinahusu zaidi aina ya kwanza.

Hatua ya 2: Jua anachokipata kwenye kochi lako

Ukucha wa paka hukua kwa matabaka, na tabaka la nje likichakaa hulazimika kuvuliwa. Ukipapasa sakafuni chini ya pembe iliyoharibika, huenda ukaokota maganda membamba yaliyopinda kama mwezi mwandamo; watu wengi hushtuka wakidhani ukucha umeng'oka, kumbe ni ganda lililokwisha kazi. Zaidi ya hayo, kati ya vidole vya paka kuna tezi zinazoacha harufu ambayo sisi hatuinusi, hivyo kila mparuro ni alama ya macho na ya pua kwa pamoja. Tena paka akiamka hupenda kujinyoosha kuanzia mabegani hadi mkiani, na hawezi kufanya hivyo vizuri bila kushika kitu kisichosogea.

Kochi la ngozi linamtimizia yote hayo: ni zito, ni refu, linahifadhi alama, na limewekwa mahali ambapo watu wa nyumba hukaa. Kitu chochote unachotaka kiwe badala yake kitapimwa kwa vigezo hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Tengeneza au nunua nguzo inayostahili

Nguzo nyingi za madukani hushindwa kwa sababu ni fupi na zinayumba. Paka mzima anahitaji nguzo yenye kimo cha sentimita 90 hivi, ili anyooke kikamilifu mikono ikiwa juu. Kitako kiwe cha ubao mzito, upana usiopungua sentimita 50 kila upande, na nguzo ifungwe kwa skrubu kutoka chini, wala si kwa misumari. Ipime hivi: sukuma ncha ya juu kwa kiganja, kwa nguvu ya mtu anayefungua mlango uliokwama kidogo. Ikitikisika, ongeza uzito chini au ifunge ukutani, kwa kuwa nguzo ikimwangukia paka hata mara moja anaweza asiikaribie tena.

Kwa kuizungushia, kamba ya katani haijapata mshindani mbele yangu. Ukitumia mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na kamba ya unene wa milimita 8, andaa takriban mita 40 za kamba kwa kimo hicho cha sentimita 90. Paka gundi ya mbao kidogo kidogo unapopanda, vuta kamba kila mzunguko hadi ishikane na wa chini yake, na zile pini za stepla za mwanzo na mwisho zifukie chini ya kamba ili zisimjeruhi.

Wateja huniomba mabaki ya ngozi wazungushie nguzo, wakiamini kwamba paka aliyezoea ngozi atafuata ngozi. Huwa nakataa. Paka hawezi kutofautisha ngozi ya nguzo, ambayo ni ruhusa, na ngozi ya kochi, ambayo ni marufuku. Utakuwa unamfundisha jambo lile lile unalotaka aliache.

Wako pia paka wasiopenda kusimama. Ikiwa wako huparura zulia au mkeka, mpe ubao wa kulala chini uliozungushiwa katani, au vipande vya kadibodi ya mawimbi vilivyopangwa kwa ubavu na kugandishwa pamoja. Kadibodi huacha vumbi na vipande, lakini vumbi linafagiliwa.

Hatua ya 4: Iweke mahali pa kosa

Hapa ndipo wengi hukosea. Nguzo hununuliwa, kisha ikafichwa stoo au kwenye kona ya chumba kisichoingiwa na mtu, kwa sababu inaharibu mandhari ya sebule. Paka huparura ili alama yake ionekane, kwa hiyo nguzo iliyofichwa haina maana kwake. Iweke mbele kabisa ya pembe iliyoharibika, ikiwa karibu kuigusa, na ukiweza weka ya pili karibu na anapolala, kwa sababu hamu ya kuparura huja anapoamka.

Usimshike mikono na kuisugua kwenye katani. Karibu paka wote huchukia jambo hilo. Buruza uzi au unyoya juu ya nguzo hadi kucha zake zinase kwenye kamba, na akishavuta mara moja kwa hiari yake, mpe kipande cha chakula anachokipenda papo hapo. Unaweza pia kusugulia majani makavu ya katinipi, mmea ambao harufu yake huwavutia paka wengi na ambao jina lake la kisayansi ni Nepeta cataria. Baadhi ya paka hawaathiriwi nayo kabisa, kwani ni jambo la kurithi, na vitoto vya miezi michache kwa kawaida havishughuliki nayo.

Hatua ya 5: Fanya pembe ya kochi isivutie, bila kuharibu ngozi

Kwanza ijue ngozi yako. Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma, karibu na sakafu. Tone likibaki limesimama kama shanga, ngozi ina tabaka la rangi la kuikinga. Likinywewa na kuacha doa jeusi linalofifia polepole, hiyo ni ngozi ya anilini, iliyotiwa rangi ndani kwa ndani bila kufunikwa, na haistahimili majaribio.

Ushauri unaotolewa sana ni kubandika selotepu yenye gundi pande mbili, kwa sababu paka hawapendi kitu kinachonata miguuni. Ni kweli hawapendi, lakini gundi hiyo haifai kuguswa na ngozi moja kwa moja. Nililijifunza hilo kwa aibu nilipoibandika kwenye kochi la mteja na kuibandua baada ya wiki mbili ikiwa imeshika utando mzima wa rangi, upana wa selotepu yenyewe, na nikalazimika kuupaka upya mkono wote wa kochi kwa gharama yangu. Tangu wakati huo navisha pembe shuka la pamba lililobanwa chini ya mto wa kiti, na selotepu naibandika juu ya shuka. Karatasi ya plastiki nene na laini pia hufaa, kwa kuwa ukucha hauna pa kushika.

Kabla ya kufunika, futa sehemu hiyo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kisafishaji cha ngozi ili kupunguza harufu aliyoiacha. Usipake siki wala maji ya limau, kwa sababu asidi hufifisha rangi na kukausha ngozi. Usipake mafuta ya kunukia ya mimea, hasa ya mti wa chai na ya jamii ya machungwa, kwa kuwa ini la paka halimudu kuvunja kemikali zake nyingi, naye atayalamba akijisafisha manyoya.

Kumfokea au kumrushia maji hakusaidii. Anachojifunza ni kwamba kuparura mbele yako ni hatari, hivyo atangoja utoke.

Hatua ya 6: Punguza kucha

Paka wengi wana kucha 18, tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila mguu wa nyuma. Zile za mbele zikatwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Subiri awe na usingizi, bonyeza kidole taratibu ili ukucha uchomoze, na utazame dhidi ya mwanga: ndani yake kuna sehemu ya waridi yenye mshipa wa damu na fahamu. Kata ncha nyeupe peke yake, milimita moja au mbili. Ukifanikiwa kucha mbili kabla hajakasirika, acha. Zilizobaki ni za kesho.

Kuhusu upasuaji wa kuondoa kucha, hiyo si kazi ya kucha tu, kwani hukatwa mfupa wa mwisho wa kila kidole. Mkataba wa Ulaya wa Kulinda Wanyama wa Kufugwa Nyumbani wa mwaka 1987 uliupinga isipokuwa kwa sababu za tiba, nchini Uingereza upasuaji huo umepigwa marufuku, na New York ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuuzuia, mwaka 2019. Hakuna kochi linalofikia bei hiyo.

Hatua ya 7: Subiri, kisha sogeza polepole

Nguzo ikiwa imetumika kila siku kwa wiki tatu au nne bila pembe ya kochi kuguswa, ondoa shuka. Ukitaka kuihamisha nguzo, isogeze sentimita chache kwa siku, na usiipeleke mbali na sebule. Kamba ikichakaa na kuning'inia nyuzi, izoee: kwa paka, hiyo ndiyo nguzo iliyokolea alama zake, na ukiitupa ili ulete mpya unamrudisha kwenye kochi.

Paka mzee akianza kuparura mahali papya, au paka yeyote akibadilika ghafla, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Maumivu ya viungo humfanya ashindwe kunyooka kwenye nguzo ndefu, na ujio wa paka mwingine, hata anayepita tu nje ya dirisha, humfanya aongeze alama.

Hatua ya 8: Sasa tengeneza kochi

Kwa mikwaruzo myepesi kwenye ngozi ya anilini, krimu ya kulainishia ngozi ikisuguliwa kwa kidole mara nyingi huififisha. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Huingia ndani, huchacha na kuacha doa la kudumu. Kwenye ngozi yenye rangi ya juu, kata nyuzi zilizonyanyuka kwa mkasi mdogo, zilaze kwa gundi ya ngozi, jaza mabonde kwa kijazio kwa tabaka nyembamba, piga msasa laini wa namba 600, kisha gonga rangi kwa sponji badala ya kuipaka kwa brashi. Tabaka nne nyembamba zinazokauka moja baada ya nyingine hushika kuliko moja nzito, na juu yake umalizie na tabaka la kinga.

Tundu lililopita hadi kwenye sponji ya ndani linahitaji kiraka kuingizwa kwa chini kabla ya kujazwa. Hilo mpe fundi, na umweleze kwamba nguzo ya paka ipo tayari, na ni ya kimo gani.