Valvu kubwa kwenye kichwa cha injini ya A12: anza na vania, mkoba baadaye

Swali ninaloulizwa sana hapa Nakuru: "Fundi, nikiweka valvu kubwa, Datsun yangu itapanda Timboroa bila kurudi gia ya pili?" Itasaidia, lakini kidogo. Tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na hakuna valvu inayovuta hewa ambayo haipo. Kazi yake ni kupanua mlango wa hewa tu.

Natumia A12 ya Datsun 1200 kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoifungua mara nyingi.

Hatua ya 1: pima nafasi kwa vania, kile kipimo cha milimita. Silinda ya A12 ina kipenyo cha mm 73. Inleti, valvu ya kuingiza hewa, ni mm 35; ekzosi, ya kutoa moshi, mm 29. Jumla 64, zinabaki mm 9 za kugawana kati ya kuta na lile daraja jembamba lililo katikati ya siti mbili, yaani pete ambazo valvu hukalia zikifunga. A14, ndugu yake mkubwa, ilitoka kiwandani na 37 na 30. Ukizihamishia kwenye A12 zinabaki mm 6. Mimi nasimama hapo. Sikusimama hapo zamani. Niliwahi kulazimisha inleti ya 39, siti mbili zikala daraja mpaka zikagusana. Gari likanguruma vizuri siku tisa. Ya kumi, tukipanda Sachangwan na viazi nyuma, siti ikang'oka, pistoni ikaiponda, nikarudi nyumbani na matatu.

Hatua ya 2: piga hesabu ya kuinuka, maana hapa ndipo watu wanadanganywa. Kutoka 35 hadi 37, uso wa valvu unakua kwa karibu asilimia 12, na muuza spea atakutajia hiyo. Lakini hewa haipiti usoni, inapita ukingoni, kwenye pengo kati ya valvu na siti. Pengo hilo ni mzingo mara kimo cha kuinuka. Kama kamshafti yako, shafti inayofungua valvu, inainua valvu mm 8, ya 35 inakupa kama mm za mraba 880, ya 37 inakupa 930. Hiyo ni asilimia 6 hivi. Na kama kabureta ni ile ya zamani na koo la poti, njia ya hewa ndani ya kichwa, bado ni bovu, hata hizo 6 hutazisikia. Ndiyo maana mteja akiwa na pesa ya kazi moja, namwambia asafishe koo na kukata siti vizuri, valvu zingoje.

Hatua ya 3: kagua valvu mkononi. Shina liwe mm 8 na urefu ulingane na ya zamani, la sivyo roka, ile mikono inayosukuma valvu, hazitakaa sawa. Ukingo wa kichwa usipungue mm 1. Ukiwa kama wembe utaungua. Beba sumaku: kichwa cha valvu nzuri ya ekzosi mara nyingi hakishikwi na sumaku, kwa sababu ya chuma chake cha kustahimili joto. Cha inleti hushikwa.

Hatua ya 4: siti. Kichwa cha A12 ni cha alumini, kwa hiyo siti mpya lazima iwe kubwa kuliko tundu lake kwa kama mm 0.1. Kichwa kipashwe moto, siti ilale kwenye friza, kisha iingie mara moja. Fundi wa mashine akiigonga ikiwa baridi, chukua kichwa chako uondoke. Mguso wa valvu na siti uwe wa digrii 45: inleti upana wa mm 1 hadi 1.5, ekzosi mm 1.5 hadi 2, maana ekzosi hupoa kupitia siti.

Hatua ya 5: bandika plastisini juu ya pistoni, funga kichwa na gasketi, panga tapeti (mwanya wa valvu), zungusha injini kwa mkono mara mbili, fungua. Kata plastisini kwa kisu upime palipo pembamba zaidi, maana hapo ndipo valvu inapokaribia pistoni. Inleti mm 2, ekzosi 2.5. Chini ya hapo usiwashe.

MASWALI YA WANACHAMA

Kisumu: Mkuu, nina Peugeot 504 pikapu. Nianze na ekzosi?
Hapana, kaka. Moshi unasukumwa na shinikizo. Hewa ya kuingia ndiyo inayobembelezwa. Ekzosi ikiwa asilimia 80 hadi 85 ya inleti inatosha. Na laina za 504, yaani kuta za silinda, zimezungukwa na maji, kwa hiyo usichonge ukingo wake ili valvu ipite.

Kakamega: Naweza kuchonga valvu ya injini kubwa iwe ndogo?
Ndiyo, kwa mashine ya kusaga, ukihakikisha shina, urefu na mfereji wa koleti, kile kifunga shina. Ila kama shina ni nene na unashuku lina uwazi ndani, acha. Nyingine zina sodiamu, na sodiamu ikikutana na maji hulipuka.

Kichwa changu ni cha chuma, cha zamani sana. Siti zinazama kila mwaka. (Kitale)
Petroli ya risasi iliondoka sokoni kufikia mwanzo wa 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda siti hizo. Weka siti ngumu kwenye ekzosi kwanza. Ukubwa tutaongea baadaye.

Bungoma: Na injini ya Lister ya posho mill?
Mzee, ile inazunguka mara 650 kwa dakika. Ina muda wa kutosha wa kupumua. Badilisha oili.