Kuanza kutumia BIM katika ofisi ndogo ya ujenzi Arusha au Moshi

BIM ni kuchora jengo kwenye kompyuta kama modeli ya pande tatu, kila sehemu ikibeba taarifa zake, ili vifaa vihesabiwe na migongano, kama ya bomba na boriti, ionekane kabla ya kujenga. Chagueni mradi mmoja tu wa kuanzia, wa ghorofa mbili au tatu, ambao michoro yake bado haijapelekwa kuombewa kibali. Nyumba ya kawaida ya chini haifai, maana mabomba yake karibu yote yanapita ardhini na hakuna cha kugongana. Hospitali nayo itawazamisha. Hosteli, au jengo lenye maduka chini na ofisi juu, ndiyo saizi yake.

Leseni ya programu ya kuchorea isiwe jambo la kwanza. Msanifu anaweza kubaki na ArchiCAD yake, mhandisi na Revit yake, na asiye na bajeti akatumia Bonsai, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya programu nyingine, Blender. Wakabidhiane faili za IFC, muundo wa wazi ambao programu zote hizi huusoma, na wakubaliane mapema ni toleo la IFC2x3 au IFC4. IFC ni ya kusoma na kulinganisha. Mhandisi akiona boriti imekaa vibaya, amrudishie msanifu hoja. Asiisogeze mwenyewe, kwa sababu toleo linalofuata la msanifu litaifuta kazi yake. Kompyuta iwe na RAM ya GB 16 kwa uchache, 32 ikiwezekana, na UPS isikosekane: umeme ukikatika faili kubwa likiwa linahifadhiwa, linaweza kuharibika lote.

Kabla ya kuchora ukuta wowote, malizeni suala la koodineti. Mpimaji analeta bikoni za kiwanja kwa UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita) kanda ya 37 kusini, na kwa Arusha mjini namba zake ni kama mita 242,000 mashariki na 9,627,000 kaskazini. Ukiziingiza hivyo hivyo, jengo linakaa maelfu ya kilomita kutoka kwenye kitovu cha programu, yaani sifuri yake. Revit huanza kusumbua ukivuka kilomita 16 hivi. Mistari inatetemeka, duara zinavunjika, vipimo vinapishana. Dawa yake ni kuchagua bikoni moja au kona ya gridi A-1 (mstari A na mstari 1 wa mchoro vinapokutana), kuichora karibu na sifuri, kisha kuandika koodineti zake halisi kama taarifa ya eneo. Wote watumie nukta hiyo hiyo, pamoja na mzunguko ule ule wa kaskazini, yaani pembe kati ya jengo na kaskazini halisi. Kwa kazi za Karatu angalieni zaidi: kule ni kanda ya 36, na faili la mradi wa Arusha likinakiliwa bila kubadilishwa kanda, jengo linaangukia mahali pengine kabisa. Kwenye mteremko kama wa Ilboru au Kibosho, andikeni pia usawa wa sakafu ya chini ni mita ngapi juu ya bikoni ile. “Sifuri sifuri” ya kila fundi haitoshi.

Zinafuata kuta, na hapa ndipo hesabu ya vifaa hupotea. Tofali la saruji la milimita 450 × 225 × 150 likisimamishwa hutoa ukuta wa inchi 6. Likilazwa, wa inchi 9. Kwa udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga) wa milimita 10 kati ya tofali, mita moja ya mraba inakula tofali 9 na ushee zikisimamishwa, na karibu 14 zikilazwa. Programu inaona eneo na unene tu. Tengenezeni aina mbili za ukuta zenye majina yanayojieleza, na kila moja ibebe idadi yake ya tofali kwa mita ya mraba. Mkichanganya, kila mita 100 za mraba zinapotoka kwa tofali zaidi ya 400. Plasta ichorwe kama tabaka lake, milimita 15 kila upande, la sivyo vyumba vitatoka vipana kuliko vitakavyojengwa.

Nondo zote msizichore katika mradi wa kwanza. Jedwali la mhandisi linatosha, na hata modeli kamili haijui upotevu: vipande vya mita 3.4 kutoka nondo ya mita 12 ni vitatu, na mita 1.8 inabaki.

Kutafuta migongano kuanze na boriti dhidi ya maji taka, basi. Bomba la milimita 110 lenye mteremko wa 1 kwa 40 linashuka milimita 150 katika mita 6, wala huwezi kulipandisha ili likwepe boriti. Likigunduliwa baada ya zege, fundi atatindua boriti na kukata nondo. Ukilinganisha kila kitu kwa mkupuo utapata maelfu ya migongano, mingi ikiwa ukuta uliogusa slabu kihalali. Paipu za nyaya za milimita 20 ziacheni nje; fundi umeme atazipinda.

Mafaili yawe na folda nne: yanayochorwa, yaliyoshirikishwa, yaliyoidhinishwa na ya kumbukumbu. Huo ndio mgawanyo wa ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM, na kwa ofisi ya watu watano sehemu kubwa ya yaliyobaki humo inaweza kusubiri. Saiti ipelekewe yaliyoidhinishwa pekee, kwenye karatasi za A3 zenye tarehe, pamoja na picha ya pande tatu ya sehemu ngumu kama ngazi na vyoo. Fundi asipewe modeli apime kwenye simu.

Mwisho, kubalianeni toleo la mwaka la Revit. Faili likishahifadhiwa kwenye toleo jipya halirudi kwenye la zamani, na mwenzenu mwenye toleo la zamani hataweza kulifungua.