Lavenda Bustanini: Jua Tele, Maji kwa Kipimo

Lavenda nyingi za bustanini huuawa na maji, si ukame. Asili yake ni miteremko ya mawe kandokando ya Mediterania, kwa hiyo ipande panapopigwa na jua angalau saa 6 kwa siku, wala usiijazie samadi. Ikishiba mbolea hutoa majani mengi laini, maua haba.

Kwenye udongo wa mfinyanzi, inua tuta la sentimita 30 na uchanganye kokoto ndogo. Mchanga kidogo peke yake hugeuza mfinyanzi kuwa kama tofali. Kwenye chungu chenye matundu, tumia udongo sehemu 2, mchanga mnene wa mto 1 na kokoto 1. Udongo wa maeneo yanayolima chai huwa na tindikali, nayo lavenda hutaka pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ya 6.5 hadi 7.5, hivyo huko ongeza chokaa ya kilimo.

Mbegu huchelewa. Kata vichipukizi visivyo na maua, sentimita 8 hadi 10, pukutisha majani ya nusu ya chini, kisha chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 6. Ukihamisha, acha sentimita 60 kati ya mche na mche ili hewa ipite.

Mmea ukishashika, mwagilia pale tu udongo umekauka sentimita 5 kwenda chini. Ukinyauka ilhali udongo umelowa, mizizi inaoza. Kuongeza maji ni kuumalizia.

Pwani, joto na unyevu wa hewa huisumbua Lavandula angustifolia, aina ya lavenda inayojulikana zaidi. Jaribu aina nyingine, Lavandula dentata, yenye majani ya menomeno, ingawa harufu yake ina ukali wa kafuri: yafaa kabatini, si jikoni.

Maua yakiisha, punguza theluthi moja ya mmea, ukibakiza majani mabichi kwenye kila tawi. Ukikata hadi penye mti mkavu, mara nyingi hapachipui tena.

Vuna asubuhi umande ukikauka, vijiua vichache vikiwa vimefunguka. Funga vishada kwa mpira, maana mabua husinyaa na kamba hulegea, uvitundike vichwa chini penye giza na hewa kwa wiki 2 au zaidi. Kwa chai, tumia angustifolia isiyopigwa dawa: kijiko kimoja cha chai cha maua makavu kwa kikombe, dakika 5. Ukizidisha, utakunywa sabuni.