Kiti cha milimita 75: fanicha ya nyumba ya wanasesere ya zamani

Kabla hujashika msumeno, pima mlango wa nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za wanasesere za Uingereza na Marekani zimefuata kipimo cha moja kwa 12, yaani milimita 1 ya nyumba ni milimita 12 za kweli, kile kile cha nyumba ya Malkia Mary iliyokamilika mwaka 1924 na kuwekwa kwenye kasri la Windsor. Za chapa ya Lundby, kutoka Uswidi, kwa kawaida ni moja kwa 18. Mlango wa milimita 165 hivi ni wa moja kwa 12. Ukikaribia 110, ni wa moja kwa 18. Usikisie, kwa sababu kochi zuri la kipimo kisicho chake litaufanya ukumbi mzima uonekane wa uongo.

Mimi kazi yangu ya mchana ni viti na makochi ya watu wazima, huku Ngong Road, Nairobi, na vidogo navitengeneza jioni kwa mabaki ya karakana. Kwa hiyo huanza na kiti cha kweli. Napima: mahali pa kukalia ni sentimita 45 kutoka chini, mgongo 90, upana 42. Gawanya kwa 12 upate milimita 37 na nusu, 75 na 35.

Unene nao ugawanye. Hapa ndipo wengi wanaponiumiza macho: wamepunguza urefu na upana, halafu wakatumia ubao wa milimita 5. Huo kwenye kiti cha kweli ungekuwa wa sentimita 6, na hakuna mteja angekibeba. Vijiti vya aiskrimu vina unene wa milimita 2 hivi, ambao unafaa kabisa meza na viti. Vijiti vya mishikaki, milimita 3, ni miguu tayari. Ukitaka mbao halisi, tafuta kipande cha nguzo kuukuu ya ua ya mtarakwa. Mtarakwa una nyuzi laini zilizobanana, na ukiupasua unanukia. Mvule nauheshimu sana kwenye meza kubwa, lakini nyuzi zake ni nene mno kwa kazi hii. Zinamfichulia mtazamaji udogo wa kitu.

Paka rangi kabla ya gundi. Hili silegezi hata kidogo: gundi nyeupe ikigusa mbao, hapo rangi haiingii tena, na utabaki na mabaka meupe kwenye kila kiungo. Rangi yangu ni chai ya rangi iliyokolea, ipakwe mara mbili, ikauke. Halafu siki iliyolala na stilwulu ya kawaida usiku kucha (ile isiyoshika kutu haifanyi kazi). Siki hiyo ikikutana na chai, mbao inageuka kahawia nzito inayoelekea weusi, kama fanicha iliyokaa sebuleni miaka mingi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Sasa viungo. Kichwa cha mguu kilichokatwa ni kama sifongo, kinanyonya gundi yote na kuacha kiungo kikavu. Paka tone la kwanza, subiri linyonywe, paka la pili, ndipo uunganishe. Hata hivyo gundi peke yake siiamini. Toboa tundu la milimita 1 kwenye mguu na kwenye kitako, kwa keekee ndogo unayoizungusha kwa vidole, uingize kipande cha pini kilichokatwa kichwa. Miguu ya nyuma iache mirefu, milimita 75, ipande hadi kuwa nguzo za mgongo. Ya mbele ni 35, maana kitako kinaongeza 2. Bana kwa vibanio vya nguo, kisha kisimamishe juu ya kioo kabla gundi haijashika. Mguu unaoning'inia utauona papo hapo, na bado unasogezeka. Acha hadi asubuhi.

Msasa namba 400 kidogo, halafu nta ya nyuki kwa kitambaa. Vanishi inang'aa kupita kiasi kwenye kitu kidogo hivi.

Kochi ni rahisi zaidi: kadibodi ngumu, sponji nyembamba, na kitambaa chenye maua madogo mno. Mabaki ya mafundi cherehani wa soko la Gikomba yanatosha nyumba nzima. Na sebule ya Nairobi bila vitambaa vya makochi haijakamilika, kwa hiyo fuma vya uzi wa kushonea, duara la sentimita 3 kila kimoja.

Nyumba ikiwa kuukuu sana, rangi yake usiipige msasa. Za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Fanicha nayo usiigundishe sakafuni. Kijipunje cha nta ya nyuki chini ya kila mguu kinaishika imara, na siku ukitaka kuhamisha meza, sakafu haitabanduka rangi.