Kujua saa ya maji kupwa pwani ya mashariki ya Unguja, hatua kwa hatua

Hivi karibuni niliwasaidia wanafunzi wa jiografia waliotaka kupima mkato wa pwani ya Jambiani, yaani mchoro wa jinsi ardhi inavyoshuka, kuanzia mchanga wa juu hadi kwenye mwamba ambako mawimbi huvunjikia. Vifaa walikuwa navyo vyote. Siku ya kwenda, hata hivyo, waliichagua kwa kutazama ratiba ya masomo, na ikaangukia kwenye maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana. Niliwaandikia maelekezo haya kabla hawajakodi gari, na naona yatamfaa yeyote anayetaka kutembea hadi mwambani, iwe Paje, Bwejuu, Jambiani au Makunduchi.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi, si kwa wiki

Unataka bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4, ilhali maji mafu huwa kama mita 1 tu na sehemu kubwa ya uwanda wa matumbawe haionekani kabisa.

Kalenda ya Kiislamu ndiyo chombo ninachokiamini kuliko chochote katika hatua hii. Mwezi huandama siku moja au mbili baada ya kukutana na jua angani, na bamvua nayo huchelewa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mwezi mosi hadi mwezi tatu, kwa tarehe za kalenda hiyo, ni siku nzuri, na vivyo hivyo mwezi kumi na tano hadi kumi na saba. Kimbia mwezi nane na tisa, na pia ishirini na mbili na ishirini na tatu.

Hatua ya 2: Pata jedwali la maji la Bandari ya Zanzibar

Tumia jedwali la bandari hiyo, la mwaka huu. La Dar es Salaam au Mombasa halitakupoteza sana, lakini kwa nini ulitumie? Programu za simu sizipendi kwa kazi hii, kwani nyingi hazikuambii zimetumia bandari gani wala saa za wapi. Lichapishe kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Geuza saa

Hapa ndipo watu hupoteza asubuhi nzima, kwa hiyo nenda nami polepole.

Jedwali moja huandika saa za Greenwich, jingine saa za Afrika Mashariki, na sisi tuna hesabu yetu ya saa za Kiswahili. Tuseme jedwali la Greenwich linaonyesha maji kupwa 07:35. Ongeza saa 3, unapata 10:35. Toa 6, ni saa 4:35 asubuhi. Hesabu ni nyepesi, ila lazima kwanza ujue jedwali lako ni la aina gani, na mara nyingi maelezo hayo yamo kwenye ukurasa ambao hukuuchapisha.

Njia ya kujihakikishia ni hii. Siku za bamvua, maji ya Unguja hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na tena usiku wakati kama huo, kisha hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa 4 asubuhi ndipo maji yanapojaa. Tabia hii haibadiliki kwa sababu bamvua huja jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo siku hizo mwezi hupita juu yetu karibu na adhuhuri au usiku wa manane, na bahari ya hapa hujaa takriban saa nne baada ya hapo. Basi jedwali likikuambia kwamba bamvua inapwa saa 1 na ushei asubuhi, unasoma saa za Greenwich. Ukipata saa 7 na ushei mchana, umeongeza saa 3 mara mbili.

Usichukue saa ya jana ukaongeza dakika 50. Hizo ni wastani wa mwezi mzima. Karibu na bamvua maji huchelewa kama dakika 40 kwa siku, na kwenye maji mafu huzidi saa nzima. Ukianza kuhesabu tangu wiki iliyopita utafika pwani wakati si wenyewe.

Kimo nacho kina mtego wake. Namba ya jedwali huhesabiwa kutoka kiwango ambacho maji hayashuki chini yake ila kwa nadra, wala si kutoka usawa wa wastani wa bahari, ambao kwa Zanzibar uko kama mita 2 juu zaidi. Ramani za nchi kavu hutumia huo usawa wa wastani. Ukiunganisha namba hizi mbili kwenye mchoro mmoja bila kurekebisha, ufukwe wako utapata ngazi ya mita 2 ambayo haipo.

Mwisho, jedwali ni la bandarini, upande wa magharibi. Mashariki, maji yaliyo kati ya ufukwe na mwamba hutoka kwa tabu kupitia milango michache, kwa hiyo hukawia kushuka kuliko bahari ya nje.

Hatua ya 4: Tazama upepo

Jedwali hujua jua na mwezi tu, upepo halijui. Kusi, inayovuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, hutoka kusini mashariki na kuigonga pwani hii usoni. Mawimbi huruka mwamba na maji ya ndani hayashuki kama yalivyoandikwa. Kwangu mimi wakati bora ni bamvua ya mwanzo wa Machi: kaskazi inalegea, masika haijakolea, na bamvua za Machi, kama za Septemba, ndizo kubwa kuliko zote za mwaka kwa sababu jua liko karibu na ikweta.

Ukienda baada ya masika kuna faida nyingine. Upande huu ni maweni, hakuna mto unaofika baharini. Mvua huzama kwenye nyufa za chokaa. Maji yakipwa, chunguza chini ya ufukwe: utayaona yakichuruzika mchangani, baridi na yenye chumvi kidogo. Yaweke kwenye mchoro wako.

Hatua ya 5: Vaa viatu vya kufunga

Matumbawe hukata. Ndala hazifai.

Hatua ya 6: Toka mapema, rudi mapema zaidi

Anza kutembea saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, ukiyafuata yanavyotoka. Geuka dakika 20 baada ya kupwa, hata kama vipimo havijaisha.

Mabaharia hugawa mwendo wa maji katika mafungu 12. Kwa tofauti ya mita 3.6, saa ya kwanza hupanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, kisha 60 na 30. Ile saa ya kwanza ya utulivu huwadanganya wengi. Tena mwamba wa nje uko juu kuliko sehemu nyingi zilizo nyuma yake, kwa hiyo maji yanayorudi huingia kwanza kwenye mikondo iliyo kati yako na kijiji. Unaweza kusimama pakavu huku njia yako ya kurudi imeshafika kiunoni.

Ukipita kwenye mashamba ya mwani, usikanyage kamba, na wasalimie kina mama wanaofanya kazi hapo. Wakianza kufunga magunia, nawe ondoka.

Hatua ya 7: Andika

Tarehe ya mwezi, saa ya jedwali, saa uliyoona mwenyewe maji yakisimama, na upepo ulivuma kutoka wapi. Choma kijiti ufukweni mahali maji yalipoishia, na ukifika jioni maji yakiwa yamejaa, choma cha pili. Pima tofauti ya kimo kati ya vijiti hivyo viwili, ilinganishe na ile ya jedwali, na pengo utakalolipata liandike pembeni mwa mkato wako.