Kuhamishiwa Kisiwani: Mwongozo kwa Familia ya Mchungaji Inayotoka Nairobi

Barua ya uhamisho inapofika, familia nyingi za wachungaji hapa Nairobi huuliza kwanza habari za nyumba na shule, na ni haki yao. Lakini miaka niliyoishi Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, nikiwa mama mchungaji ilinifundisha kwamba swali linalotangulia yote ni la majira, yaani familia itapata fedha lini, itapokea wageni lini na itapumzika lini.

Nairobi tumezoea kupanga matumizi kwa mwisho wa mwezi wa kalenda. Kisiwani, mwezi unaohesabiwa ni ule wa angani. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na kwa kuwa mbalamwezi hudhoofisha mvuto wa taa hizo, wavuvi hutoka kwa wingi katika usiku wa giza na kukaa nyumbani mwezi unapokuwa mpevu. Sadaka hufuata mkondo huohuo, na hupungua zaidi kati ya Aprili na Julai, ambapo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Mwaka wetu wa kwanza sikulijua jambo hili, nikanunua vyakula kama niliyekuwa bado mtaani Umoja, Nairobi, na unga ukaisha wakati tulikuwa na wageni wawili wanaolala kwetu. Kwa hiyo nunueni unga, sukari, mafuta na sabuni za wiki tatu katika siku za giza, wakati mkono una kitu, na wekeni akiba ya Aprili kuanzia Januari. Ratiba ya huduma nayo ifuate mwezi: wakati wa giza baba wa nyumba hulala mchana, na kumgongea mlango saa nne asubuhi ni kumnyima usingizi alioufanyia kazi usiku kucha, ilhali mwezi mpevu ukiwapo mtaikuta familia nzima imeketi pamoja.

Kabla ya kuondoka Nairobi, shughulikieni afya. Mtoto aliyekulia jijini, ambako malaria ni nadra, hana kinga ya mwili ambayo watoto wa ziwani huijenga kidogo kidogo, kwa hiyo kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo badala ya kungojewa. Mkiwa na mtoto mchanga, ulizieni kliniki ya kisiwani chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa katika Kaunti ya Homa Bay mwaka 2019 na huanza mtoto akiwa na miezi 6. Hatari nyingine ni kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua kando ya ziwa. Maji ya kunywa yachemsheni, na ya kuoga yakae kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili kabla ya kutumiwa, maana vijidudu hivyo haviishi muda huo bila kumpata mtu. Watoto watataka kuogelea na wenzao, na kuwakataza ni vigumu kuliko mnavyodhani. Walau wapelekeni kupimwa kila mwaka.

Kisiwa jirani cha Rusinga kimeunganishwa kwa barabara na Mbita, mji ulio bara, lakini Mfangano hufikiwa kwa boti. Kila mtoto awe na jaketi lake la kujiokolea linalomtosha, lililonunuliwa kabla ya safari, na boti iliyojaa kupita kiasi iacheni iende hata kama mkutano wa kanisa unawangoja.

Ziwa hilohilo ndilo linaloamua habari za wageni. Muumini aliyekuja asubuhi kwa shauri la ndoa hawezi kuondoka upepo ukichafua maji, naye atalala kwenu. Wekeni godoro la ziada na chandarua chake, na pandeni sukuma wiki na kunde nyuma ya nyumba mara tu mvua zinapoanza. Wakina mama wa kanisa watawaletea omena na wakati mwingine ngege, yaani samaki aina ya tilapia. Pokeeni kwa mikono miwili, wala msiharakishe kulipa fedha, kwa sababu kwao hiyo ni sadaka, na kulipwa ni kukataliwa. Walipeni kwa njia yao: chombo kisirudi kitupu.

Nililochelewa kulitambua ni mzigo wa watoto. Jijini, mtoto wa mchungaji hushuka matatu na kuwa mtoto kama wengine, lakini kisiwani mwalimu wake ni mshirika, mwenye duka ni mzee wa kanisa, na kosa lake dogo hufika nyumbani kabla yake. Waombeni wazee, mapema na kwa heshima, wamkanye mtoto kama wanavyowakanya wa kwao, pasipo kuongeza maneno “na wewe ni wa mchungaji”. Tulipowaambia hivyo walielewa mara moja, na binti yetu, aliyekuwa ameacha kucheza na wenzake, alirudi uwanjani.

Kumbukeni pia kwamba katika eneo hili Waadventista wana mizizi mirefu, kwani misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilianza mwaka 1906. Mazoezi ya kwaya yenye ngoma yasifanyike Jumamosi asubuhi jirani na ibada yao.

Mwisho, chagueni siku ya mapumziko na itangazwe kanisani, kwa sababu siku isiyotangazwa haipo. Yetu ilikuwa Jumatatu. Nyumbani tusingeweza kujificha, kwa hiyo katika wiki za giza, wavuvi walipokuwa wamelala, tulipanda boti ya asubuhi kwenda Mbita, simu ya huduma ikabaki kwa mzee wa zamu, na mpaka tuliporejea, baba alikuwa wa watoto wake.