Jinsi ya kutembea njia ya kinamasi inayoingia msitu wa mipaini

Njia inayopita kinamasini halafu ikapanda kwenye msitu wa mipaini (au misonobari, kama wengine mnavyoiita) watu huiandalia kama njia moja, kumbe ni mbili, na ukijiandaa kwa moja tu ile ingine lazima ikusumbue. Mimi nikiwa na nafasi ya kuchagua naanzia kinamasini asubuhi, maana tope na mbao zenye utelezi zinataka miguu ambayo haijachoka, na ndege wa majini nao asubuhi ndo wanaonekana vizuri. Mbu pia wapo muda huo, kwa hiyo mikono mirefu na suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi, hilo halina mjadala.

Soksi zenyewe zisiwe za pamba. Pamba ikilowa haikauki, inasugua mpaka malengelenge, na kukiwa na baridi inakunyonya joto la mwili. Vaa za sufu au zile za michezo zinazokauka haraka, na pea ya pili ifunge kwenye mfuko wa plastiki uiweke juu kabisa kwenye begi. Gambuti ni nzuri kama njia nzima ni maji, ila kupanda nazo mlima ni mateso kwa sababu kisigino kinacheza ndani, mi bora buti za kawaida zinazofunika kifundo hata kama zitalowa.

Penye njia ya mbao usishuke, hata kwa picha. Ndege wengi wa kinamasini wanataga chini kwenye nyasi na huwezi kuona kiota mpaka umeshakikanyaga, na ule udongo mweusi wa mimea isiyooza vizuri unaongezeka kama milimita 1 tu kwa mwaka, sasa fikiria shimo la buti moja linachukua muda gani kujaa. Mbao zikiwa zimelowa piga hatua fupi, kanyaga kwa mguu mzima sio kisigino. Pasipo na mbao tumia fimbo, choma mbele kabla hujakanyaga, ikizama bila kugonga kitu kigumu rudi ulikotoka. Na usidanganyike na ile sehemu ya kijani inayong'aa, laini kama zulia, mara nyingi chini yake ni maji matupu, afadhali ukanyage kwenye mafungu ya manyasi magumu.

Ukizama, tulia. Ukivuta mguu kwa nguvu ule mwingine ndo unazidi kwenda chini. Vua begi, jilaze nyuma kidogo uzito usambae, chezesha mguu taratibu ili maji yaingie pembeni yake, kisha utoe mmoja mmoja. Mimi niliwahi kuzama mpaka magotini na kilichonitoa ni huko kukaa chini kwenye tope, sio nguvu.

Pale kinamasi kinapoisha na mipaini inaanza, simama. Kaa ubadilishe soksi, kula kitu, angalia ramani, hizo dakika kumi usizionee uchoyo hata kama wenzako wana haraka.

Mipaini hasa ile iliyopandwa kwa mistari inafanana yote, na mtandao unaweza usiwepo, kwa hiyo ramani iwe umeshaishusha kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Kila njia panda geuka uangalie nyuma, maana unaporudi panakuwa na sura nyingine kabisa. Yale majani makavu kama sindano yakiwa kwenye mteremko yanateleza kama mchele uliomwagika sakafuni, shuka ubavu ubavu. Ukitaka kupumzika angalia kwanza juu kama kuna tawi kavu limening'inia, na upepo ukiwa mkali toka humo. Moto usiwashe, sigara pia hapana, utomvu wa mpaini unawaka haraka na kaa dogo linaweza kufukuta chini ya majani wewe umeshaondoka. Tochi beba hata kama unarudi jioni mapema, chini ya miti giza linawahi.

Maji ya kunywa beba ya kutosha. Yale ya kinamasini yana rangi ya chai kwa sababu ya mimea, ila rangi sio tatizo, tatizo ni vijidudu, ukilazimika yachemshe yatokote dakika 1, na ukiwa juu zaidi ya mita 2,000 dakika 3.

Ukifika nyumbani jikague kupe kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Ukimkuta mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, usimchome wala kumpaka mafuta, na homa au vipele vikija wiki zinazofuata nenda kwa daktari umwambie uling'atwa na kupe. Buti zioshe tope lote maana linabeba mbegu za magugu kutoka sehemu moja kwenda nyingine, halafu zijaze magazeti na uziache kivulini, usiziweke karibu na moto, gundi inaachia.